Chumvi na Ukwaju

Wateja ndio waliowabandika majina hayo. Baba mmoja, mama mbalimbali, jiko moja la kuchomea nyama: kaka mtu Chumvi, mdogo mtu Ukwaju. Ujombani kwa Chumvi, kule milimani, nyama hutiwa chumvi ikishaiva, basi. Ukiona rojo, ujue kuna uvundo unafichwa. Ujombani kwa Ukwaju, bondeni, nyama isiyolala kwenye ukwaju na pilipili hutupiwa mbwa. Baba yao alikula kwa wake zake wote wawili, akasifu kote, akafa bila kuamua. Mjanja yule mzee!

Mama yake Ukwaju alipofariki, kijana alitaka jambo moja tu: watu waonje mkono wa mama yake, japo mara moja. Akaloweka mapaja ya mbuzi, akayafunika. Asubuhi akamkuta Chumvi anaimwaga sufuria yote mtaroni.

"Kaka! Hiyo ni ya mama!"

"Mama yako alimlisha baba uvundo maisha yake yote. Usinitie aibu mbele ya wateja."

Ukwaju alimpiga kichwa puani, damu ikaruka. Chumvi akamkaba, akambamiza uso kwenye gogo la kukatia nyama hadi jino likang'oka. Ukwaju akamng'ata bega, akamsukuma, wakaangukia jiko.

Sasa, watu wa milimani hawatumii koleo. Chumvi aligeuza nyama kwa vidole, akiibonyeza ajue imeiva. Mkono ule wa kulia ndio uliowalisha wote wawili, na Ukwaju alilijua hilo vizuri. Akaukamata kifundoni, akaulaza kwenye wavu wa moto, akauegemea kwa uzito wake wote.

Chumvi hakupiga kelele. Mbishi, hata mbele ya moto. Alisaga meno tu, na moshi ukapanda, ukapita juu ya pazia lililolificha jiko hadi dirishani kwa wateja.

"Leo mnachoma nini, ndugu zangu?" mtu akaita kutoka nje. "Inanukia hiyo! Nikatie hiyohiyo, rojo usiweke!"

Ukwaju akaachia. Ngozi ya kiganja ilibaki imeganda kwenye wavu. Akainama, akatapika, akaanza kulia kama mtoto.

Chumvi alikuwa amepiga magoti, mkono kifuani.

"Mteja anasubiri, mdogo wangu," alisema. "Mkatie. Chumvi usisahau."