Kilo za Mama Mkwe

Kinyozi mmoja, aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Wembe, alikuwa na gari lililolala chini hata paka wakalisusa, maana halikuwabakizia uvungu wa kujificha. Alilishusha mwenyewe. Jumapili moja aliingia nyuma ya saluni yake na msumeno wa chuma, akakata springi zote nne kwa kukadiria, kwa imani ya mtu ambaye jicho lake halijawahi kukosea mstari wa nywele. Gari lilipotua, alirudi nyuma hatua tatu, akalitazama, machozi yakamlengalenga.

Miezi miwili baadaye mkewe aliangusha hereni karibu na gurudumu la mbele. Akainama kuiokota, akabaki ameinama.

"Wewe bwana! Njoo uone tairi lako lilivyonyolewa."

Wembe akalala kifudifudi kwenye vumbi. Upande wa nje tairi lilikuwa na meno yake yote. Upande wa ndani, upara mtupu, na nyaya zimeanza kuchungulia. Na matairi yenyewe mapya!

"Ni uzito huu," akatangaza.

"Uzito wa nani?"

Wembe akaona shimo lililo mbele yake, akainuka kupangusa vumbi. Kila Jumamosi kiti cha nyuma kilikuwa cha mama mkwe. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye mwili wake na sauti yake, na daktari alikuwa amemwagiza kuogelea kwa ajili ya magoti. Kuingia garini hakukuwa na shida, alijiachia tu, puu! Kutoka ndiko kulikuwa shughuli. Wembe alimvuta mikono huku akitazama pembeni kwa heshima, na mlinzi wa bwawa akiwahesabia: moja, mbili, tatu, haya!

Kesho yake akalipeleka gari kwa fundi wa alaimenti, yaani wa kunyoosha magurudumu, mwanamke mwembamba mwenye penseli sikioni na maneno machache mdomoni. Kulipandisha tu kwenye mtambo wa kupimia kulihitaji mbao sita, maana bampa lilikwaruza sakafu kama kuku anayetafuta punje. Fundi akaweka vipimo vyake, akatikisa kichwa.

"Magurudumu yamesimama hivi," akasema, akabana magoti na kutanua nyayo, akawa kama mtu aliyebanwa haja na choo kimefungwa. "Kwa hiyo yanakanyagia upande wa ndani. Halafu ya mbele yanatazama nje, kila moja linataka kwenda kwake. Nani hupanda gari hili?"

"Mimi, mke wangu, na mama mkwe." Wembe akashusha sauti. "Na kati yetu tu, fundi, huyo mama ndiye aliyenimalizia matairi."

"Ana kilo ngapi?"

Wembe akajifanya anakagua bampa.

"Kaka, gari la chini namna hii lina visa," fundi akaendelea. "Nikilinyoosha tupu, mkipanda linahama tena. Niletee kilo zenu, niweke mifuko ya mchanga mahali penu."

Nyumbani, mkewe alimpa kilo zake mwenyewe kwa shingo upande. Za mama yake alikataa kata kata. "Muulize. Ukirudi mzima, utanisimulia."

Kumuuliza mama mkwe kilo zake! Heri ang'ate waya wa umeme. Wembe akawaza, akawazua, mwisho akaazima mizani kwa muuza dawa wa jirani, akaificha chini ya zulia dogo la mlangoni. Kisha akajibanza nyuma ya pazia na darubini ya mwanawe ya kuchezea, ili asome namba kupitia tundu alilolikata kwenye zulia lenyewe.

Mama mkwe akaja. Akabisha hodi, akakanyaga zulia, akapangusa viatu. Zulia likalia: *tii!*

Akasimama. Akapangusa tena. *Tii!*

Akainua ukingo wa zulia kwa ncha ya mwavuli, akatazama kwa muda mrefu. Halafu, bila kugeuza kichwa, akasema kwa sauti ile iliyowahi kunyamazisha madarasa kumi na mawili kwa mpigo, "Aliye nyuma ya pazia, ajitokeze."

Wembe akajitokeza, darubini mkononi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unanipima kama kiroba, mkwe wangu?"

Akaeleza yote, springi, matairi, mchanga, isipokuwa lile neno moja alilomnong'oneza fundi. Mama mkwe akasikiliza hadi mwisho.

"Mchanga wa nini, na mimi nipo? Twende kwa huyo fundi. Nitakaa mwenyewe."

Basi wakaenda wote watatu. Gari likapandishwa juu ya mbao, kila mtu akakaa mahali pake, fundi akawakataza kutikisika. Akazunguka na futi yake, akipima kutoka ukingo wa bodi hadi katikati ya kila gurudumu, akiandika kwenye kiganja. Alipofika dirisha la nyuma akamwamkia abiria, kisha akamgeukia Wembe kwa uso mkavu usio na hila yoyote:

"Ndiye huyu uliyesema amemaliza matairi?"

Wembe alitamani sakafu ifunguke, lakini tayari alikuwa ameketi kwenye kina cha mwisho.

"Basi umemsingizia," fundi akasema. "Upande wake ndio wenye afadhali. Tairi lililokwisha kabisa ni la mbele kulia, chini ya dereva. Springi ya hapo umeikata vidole viwili zaidi kuliko nyingine."

Mkewe akaanza kucheka. Akajaribu kujizuia, gari likatikisika, fundi akafoka kwamba vipimo vinaharibika, na hapo mama mkwe naye akashindwa, akacheka mpaka mbao zikalia.

"Mkwe wangu," akasema akifuta macho, "watu unawanyoa kwa kukadiria vilevile?"

Wembe akajipapasa kichwa. Zikafungwa springi halali za kushushia gari, zilizolingana, na gari likapanda vidole vitatu. Bolti mpya zikayasimamisha magurudumu, vipimo vikakaa sawa, matairi mapya yakavishwa. Moyo ulimuuma kuona mwanga wa jua ukipita chini ya gari lake, ila alikuwa amekosa hata pa kuanzia kulalamika.

Alipofungua mlango wa dereva, mama mkwe alikuwa tayari amenyoosha mkono.

"Ufunguo. Nataka nione kama limenyooka."

"Mama, wewe unaendesha?"

"Kabla hujaota meno."

Wembe akajikunja nyuma, magoti kidevuni. Gari likaenda kama uzi uliovutwa. Mama mkwe akaushika usukani kwa kidole kimoja, akaachia kidogo, akashika tena, akaanza kuimba.

"Mama," Wembe akasema kwa upole baada ya muda, "nyumba tumeipita."

"Najua," akajibu, akikanyaga mafuta. "Lakini dada yangu hajaniona nikiendesha."