Kisima Kisicho na Njia ya Punda

Nilijitolea kusafisha mto kwa sababu moja tu, na haikuwa mapenzi ya mto. Nilitaka Kiema aaibike mbele ya watu walewale aliowaambia kwamba mimi ndiye niliyewaharibia maji.

Kiema ndiye mlinzi wa bomba la mafuta linalopita chini ya Mto Kavuluni, hapa kwetu Makueni. Kazi yake ni kutembea juu ya bomba kila siku akikagua koki na kunusa mchanga. Mimi ni Mutanu, mama Ndila, mjane na kiongozi wa mwethya, kundi letu la kulimiana na kuchimbiana bila malipo. Mto wetu hutiririka siku za mvua tu. Miezi mingine yote tunachimba visima mchangani, kila nyumba na chake, na kuvizungushia miiba ili mifugo isiingie.

Miezi saba iliyopita maji ya visima yalianza kunuka dizeli. Jumapili iliyofuata Kiema alisimama kanisani, kofia mkononi, akasema kwa sauti ya huruma kwamba aliniona nikimwaga dizeli ya pampu yangu mtoni. Ni mimi peke yangu hapa mwenye pampu ya kumwagilia nyanya, kwa hiyo hakuna aliyeuliza swali la pili. Nilikana. Walinitazama tu. Kesho yake kisima changu kilifukiwa na nikakatazwa kukanyaga mtoni. Tangu hapo nimekuwa nikifuata maji kwenye kioski cha Kalimani, kinachofungwa jioni, kilomita tisa kwenda, jerikeni mgongoni na mkanda wake kwenye paji la uso. Uongozi wa mwethya hawakuninyang'anya, maana hakuna mwingine aliyekuwa tayari kubishana na wavivu asubuhi.

Mwezi uliopita bomba lilipasuka waziwazi na mchanga ukawa mweusi hadi darajani. Kampuni ilileta glavu na mabwana wenye buti, ikaomba watu wa kujitolea. Nilidhani jina langu limesafika. Wapi! Watu walisema hii ni dizeli mpya, ile ya kwanza ilikuwa ya Mutanu.

Kwa kuwa ndimi ninayegawa kazi za mwethya, niliruhusiwa tena mtoni kupima vipande vya kuchimba. Huko juu ya visima vyote, karibu na bomba, niliona kisima kilichozungushiwa miiba ambacho sikukijua. Hakikuwa na njia ya punda. Hakikuwa na samadi, wala alama ya jerikeni. Nani anachimba kisima asiteke maji? Niliondoa miiba, nikachimba kwa mikono mpaka nikagusa gunia lililonuka dizeli. Pindo la mdomo wake lilikuwa limeshonwa kwa uzi mwekundu.

Huku kila mtu anaujua uzi huo. Mbithe, mke wa Kiema, hushona hivyo magunia yake ya ndengu yasichanganywe na ya wengine sokoni. Nikakumbuka kwamba wakati maji yalipoharibika ulikuwa msimu wa kuvuna ndengu, na Kiema alishinda shambani kwake badala ya kutembea juu ya bomba. Koki ilivuja wiki nzima bila mtu. Alipoigundua aliikaza kimyakimya, akazoa mchanga uliolowa na kuuzika pale ili mkubwa wake asijue hakuwa kazini. Kisha akatafuta wa kubebeshwa.

Nilifukia tena, nikarudisha miiba. Ningeweza kwenda kwa chifu jioni hiyohiyo. Sikutaka chifu, nilitaka kanisa zima.

Jumamosi walikuja wote, na Pasta Kilonzo akiwa na koleo lake. Niliita majina nikigawa vipande.

"Kiema, wewe ni pale juu, penye miiba."

"Mama Ndila, hapo mchanga ni safi. Nipatie kando ya daraja."

"Kwa mwethya hatubadilishi kipande. Ukikataa unalipa mbuzi."

"Basi nitalipa hiyo mbuzi."

Hapo ndipo alipojimaliza mwenyewe. Hakuna mtu wa Kavuluni aliyewahi kuchagua kutoa mbuzi ili asishike koleo asubuhi moja. Watu waliacha kuchimba wakamgeukia.

"Baba Kanyiva, chimba tu," Mbithe alimwambia mumewe. "Unatuaibisha na watu wanaangalia."

Alichimba kama mtu anayechimba kaburi lake. Gunia la kwanza lilipotoka, harufu ilitufikia kabla hajaliweka chini. Mbithe alisogea, akaushika ule uzi kwa vidole viwili.

"Hii ni gunia yangu," alisema. "Si uliniambia wezi walibeba zote kumi na moja?"

Kiema alirudi shimoni. Wazee wawili walionifukia kisima walianza kutazama buti zao. Bwana mmoja wa kampuni alitoa simu akaupiga picha uzi, halafu akampiga picha Kiema.

Gunia la nne, Kiema alipiga magoti mchangani. "Mama Ndila, nisamehe. Niliogopa kufutwa kazi."

"Nimesikia. Endelea."

Pasta alinijia taratibu. "Dada Mutanu, imetosha. Wacha tuombe, tumalize hii maneno."

"Tutaomba, Pasta. Lakini filimbi ni yangu, na kipande yake bado."

Katika mwethya hakuna anayeacha kazi kabla ya filimbi ya kiongozi, hata pasta anajua. Aliyetaka kumsaidia nilimrudisha kwenye kipande chake. Kiema alifukua na kubeba peke yake magunia yote kumi na moja, akipita na kila moja mbele ya watu aliowadanganya. Nilikaa kivulini nikihesabu, na sitadanganya: nilisikia raha. Sikumwonea huruma hata chembe.

Jua lilipokuwa utosini alimaliza. Mikono yake ilikuwa myeusi na midomo imekauka. Aliwaomba maji watu wa karibu nao wakageuza nyuso, kisha akaninyooshea mimi mkono.

Nilipuliza filimbi. Nikaokota jerikeni yangu, ile ya miezi saba, nikaiweka mkononi mwake ikiwa tupu, pamoja na mkanda wake.

"Maji iko Kalimani," nilimwambia. "Ukitoka sasa, utafika kabla wafunge."