Dumu la Maji ya Rejeta

Mwaka 1986, katikati ya kiangazi, wakati mabomba ya mji yalipokuwa yakitoa hewa badala ya maji, mwenye lori aliingia katika duka la vipuri la mwanamke aliyekuwa mkewe. Nyuma yake alikuja mke mpya, binti mwembamba mwenye mimba kubwa, akijipepea kwa ukingo wa mtandio.

"Bibi vipuri, hujambo?" akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Naona umenenepa! Upweke umekukubali."

"Sijambo. Unataka nini?"

"Oili. Nimefunga injini mpya, mpya kabisa." Akamkonyeza mke mpya. "Ya zamani nimeitupa. Ilikuwa inakula tu, haizalishi kitu."

Mke mpya akainamisha uso. Muuza vipuri aliendelea kupangusa makopo kana kwamba hakusikia. Maneno ya namna hiyo aliyala asubuhi na jioni muda wote wa ndoa, kwa mume, kwa mama mkwe na kwa mawifi, hata akaota sugu. Lililokuwa halijaota sugu ni jambo moja, na ushahidi wake ulikuwa rafuni juu ya kichwa chake: dumu kuukuu la plastiki.

Siku ya talaka walikuwa safarini. Waligombana, na mume akasimamisha lori kwenye mlima wa mawe, mahali pasipo nyumba wala kivuli, akamteremsha. Kisha akamtupia lile dumu, ambalo ndani yake mlikuwa na maji ya akiba ya rejeta, ya kupozea injini. "Nisije nikaambiwa nilikuacha na kiu," alisema, akatia gia. Maji yale yalikuwa na kutu na harufu ya dizeli. Aliyanywa yote kabla ya kuwafikia watu.

"Nenda ukakae garini, mama," mwenye lori alimwambia mke mpya. Alipotoka, mwanamume aliegemea meza, na majivuno yakamshuka kama tairi lililotobolewa.

"Fundi ananichanganya. Eti niweke oili nyepesi, kwa kuwa injini mpya imebana na oili nzito haipenyi upesi. Eti nisibebe mzigo mkubwa mwanzoni, tena oili ya kwanza niimwage mapema, ina unga wa chuma. Mimi miaka yote naweka nzito!"

Jibu lilimjia muuza vipuri papo hapo: injini ile ya zamani ilikuwa imelika, na oili nzito ilificha kelele zake tu. Fundi alikuwa amesema kweli tupu.

"Nimeuza nyumba ya mama kwa ajili ya injini hii," mwanamume akaendelea. "Ikifa, tumekwisha sote. Wewe ulikuwa ukiutambua ugonjwa wa lori kwa sikio tu. Na tuseme haki: hukunidanganya hata siku moja. Niambie."

Muuza vipuri akamtazama usoni kwa utulivu.

"Fundi anataka umrudie kila mara, akukamue. Chukua nzito. Usiimwage mpaka kiangazi kiishe. Na injini mpya haidekezwi: ipakie mzigo wake wote, uipandishe mlima, ijue kazi ingali changa."

"Si nilisema!" Akapiga meza kwa furaha, akabeba makopo yake.

Kutoka dirishani mwa lori mke mpya alipunga mkono. "Shikamoo, dada! Asante!"

Muuza vipuri aligeuka, akarudi kupangusa makopo.

Kabla kiangazi hakijaisha, dereva wa pikapu aliingia dukani akicheka. "Yule bwana wako wa zamani yuko kule mlima wa mawe na lori zima la saruji. Injini imekaza, haizunguki hata kwa nyundo! Oili yake inametameta chuma kama samaki."

"Nipeleke," muuza vipuri akasema, akalitungua dumu. Dukani kulikuwa na mtungi wa maji safi. Aliupita, akamwomba dereva maji ya akiba ya rejeta yake.

Mwenye lori alipoiona pikapu alikuja mbio, midomo imempasuka kwa jua. "Umekuja! Nilijua una moyo. Umeniletea fundi?"

Nyuma yake mke mpya alikuwa amekwisha kuinuka juu ya mifuko ya saruji, ameshika kifurushi chake kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, akidhani wamekuja kuwachukua.

Muuza vipuri hakushuka. Alilipitisha dumu dirishani, akalitia mikononi mwa mwanamume, akangoja mpaka alipoona kwamba amelitambua.

"Lako hilo," akasema. "Nisije nikaambiwa nilikuacha na kiu."

Kisha akamwambia dereva ageuze gari.