Shingo Kwenye Mkunjo wa Karatasi

Fundi Nguo aliporudi kutoka kununua nyuzi alikuta cherehani yake imerefuka. Haikuwa macho yake. Meza aliyoizoea kwa miaka kumi na minne ilikuwa imepandishwa juu ya vipande vinne vya mbao, vimepigwa msasa vizuri, tena kila mguu umechongewa kishimo chake usiteleze. Alikaa. Meza ikamfika kifuani na magoti yakapanda juu kama ya mtu aliyekalia kigoda cha mtoto.

Mhalifu hakuhitaji kutafutwa. Mumewe alikuwa seremala. Zamani mteja akipiga hodi na kuita "Fundi!" walikuwa wakiitika wote wawili, mpaka mtaa ukachoka ukawagawa: huyu Fundi Nguo, yule Fundi Mbao. Walishirikiana katika kila kitu, hata futi ya kupimia, na futi hiyo ndiyo ilikuwa chanzo cha ugomvi wao wote wa maana.

"Ni shingo," alisema Fundi Mbao, amesimama mlangoni na maranda kwenye nywele. "Unainama mno, mke wangu. Nilikuwa natafuta futi kwenye droo yako nikaona karatasi ya kliniki. Imekunjwa, na mimi sikuikunjua, si unanijua, si mtu wa kupekua. Lakini upande wa juu umeandikwa wazi kabisa: mabadiliko madogo ya seli kwenye shingo."

Fundi Nguo aliijua karatasi yote. Upande wa chini wa mkunjo kulikuwa na maneno mawili yaliyobaki: *ya kizazi*.

Karatasi ile alipewa siku nne nyuma na karani wa mapokezi, kwa kuwa muuguzi alikuwa hayupo. Alikuwa amekwenda kupima kwa hiari yake, mzima wa afya, akacheka na wenzake kwenye foleni. Majibu yalisema mabadiliko ni madogo na arudi amwone muuguzi. Yeye akasoma saratani, neno ambalo halikuandikwa popote. Juu ya hilo, kuna mteja aliyewahi kumwambia, huku akipimwa kiuno, kwamba magonjwa ya huko huletwa nyumbani na mwenye kutoka nje ya ndoa. Fundi Nguo hakuwahi kutoka nje. Lakini utathibitishaje jambo ambalo hukulifanya? Basi akawa na hofu mbili: ya kufa, na ya kutazamwa na mwanamume huyu kwa jicho jingine. Tuseme ukweli, ya pili ilimuuma zaidi.

"Kesho tunakwenda wote," Fundi Mbao aliamua. "Nitawaeleza mimi, wewe ukifika huko unakuwa bubu."

Fundi Nguo alikusudia kumwambia ukweli wakati wa kula. Akakusudia tena njiani asubuhi. Kila mara ulimi ulikuwa mzito, na mwenzake alivyokuwa akimshika mkono wavuke barabara, eti asigeuze shingo kutazama magari, ndiyo kabisa akashindwa.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Fundi Mbao hakungoja kuulizwa.

"Dada, tatizo ni kuinama. Meza nimeshaiinua inchi nne. Nikiongeza mbili, shingo itapona?"

Muuguzi alitazama karatasi, akatazama inchi nne zilizokuwa bado hewani kati ya vidole vya seremala, kisha akamgeukia mke. "Mama, nieleze mbele yake, au atusubiri nje?"

Fundi Nguo akasema, "Abaki."

"Haya. Shingo hii, baba, haiko huko juu. Ni mlango wa mji wa mimba."

Fundi Mbao alishusha mkono polepole. Masikio yakawaka moto kwa aibu.

"Sasa, mabadiliko madogo maana yake ni madogo kweli," muuguzi aliendelea. "Kuna seli chache zilizoonekana si za kawaida. Si saratani. Mara nyingi hutokana na kirusi ambacho karibu kila aliyewahi kuwa na mwenza hukutana nacho, na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kwako wewe, mama, tutarudia kipimo baada ya mwaka. Yakiwa yameondoka, vizuri. Yakiwa bado yapo, tutayaangalia kwa karibu na kuyatibu mapema. Kosa ni moja tu, kutorudi."

Fundi Nguo alilishika neno moja tu, *mwenza*. Aliinamisha kichwa akitazama sakafu, akasubiri.

"Dada," Fundi Mbao alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "ina maana ni mimi niliyemletea?"

Mkewe aliinua uso. Siku nne alikuwa ameandaa jibu la kila swali, isipokuwa hilo.

"Hakuna anayejua," muuguzi alisema. "Kinaweza kukaa kimya miaka mingi, hata tangu kabla hamjajuana. Haya ni majibu ya kipimo, si hati ya mashtaka. Msitafute mtu humo ndani."

Walipotoka nje Fundi Nguo alilia, kisha kicheko kikamponyoka katikati ya kilio. "Inchi nne!"

"Nilikuwa nakwenda sita," alikiri mumewe. Wakatembea kidogo. "Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaniangalia vingine."

"Mimi nakuangalia tangu hujajua kushona kola. Leo ndiyo nianze kukuangalia vingine?" Aliongea kwa hasira kidogo, na mkono hakuuachia.

Nyumbani Fundi Mbao alipiga magoti akaondoa vipande vya mbao, kimoja baada ya kingine, meza ikarudi mahali pake. Cha mwisho alikigeuza, akatoa penseli nyuma ya sikio na kuandika kwa herufi kubwa: *Shingo ya kizazi. Mwaka ujao, mwezi huu huu. Tunakwenda wawili.* Akakiweka kwenye droo juu ya nyuzi, pale pale ilipokuwa karatasi.

"Sasa droo haifungi," alisema Fundi Nguo.

"Isifunge. Karatasi inakunjwa, mke wangu. Ubao haukunjwi."