Kila Mstari Mwekundu

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mbishi hadi unatamani kumzaba kofi akiwa bado anakusalimia. Tulikaa chumba kimoja juu ya karakana ya kaka yetu mkubwa, tukiandika programu ya mashine yake ya kukata vyuma. Kompyuta yake iliendeshwa na mfumo wa Windows, yangu na Linux. Kompyuta yake humaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, yangu kwa moja. Jambo dogo kama chawa, na kama chawa lilitunyima raha.

Tulikuwa na kikaguzi, kiprogramu kinachosoma msimbo, yaani maandishi ya programu, na kulalamika ukikiuka kanuni. Nikikiweka kidai alama moja, yeye anakigeuza kidai mbili, nacho kinabadilisha faili zima tukihifadhi. Dawa ilikuwepo: kila mtu abaki na yake, na nakala ya pamoja iwe na alama moja. Nani akubali kushindwa na shemeji? Kwa hiyo kila siku kwenye skrini ya ukaguzi, ambako mstari uliobadilika huwa mwekundu, faili lilirudi jekundu tupu, kana kwamba kila mstari umeandikwa upya. Kaka, ambaye ndiye aliyekuwa akipitisha mabadiliko, alichoka kusoma.

"Ni mistari yenu tu hiyo," alisema, akabonyeza kukubali.

Asubuhi moja niliiamuru kompyuta ifiche tofauti za mwisho wa mstari, nione shemeji kafanya nini hasa. Wekundu wote ukafutika, ukabaki mstari mmoja. Ndio uliozuia kifuniko cha mashine kisifunguke mpaka msumeno usimame kabisa. Shemeji alikuwa ameuondoa akifanya majaribio, akasahau kuurudisha, na kaka alikuwa ameshapitisha badiliko hilo. Chini, msumeno ulikuwa unanguruma.

Niliirukia kompyuta ya shemeji niuzime msumeno, maana ndiyo iliyounganishwa na mashine.

"Unagusa tena kanuni yangu?" shemeji alifoka.

"Toka, mjinga wewe!"

Nilitaka kusema zaidi, lakini alikuwa ameshanikaba koo. Nilimtandika kiwiko puani, damu ikarukia kioo. Akanibamiza uso kwenye pembe ya meza, akarudia, jino likang'oka. Niling'ata kidole chake gumba mpaka meno yakagusa mfupa. Akaachia, nami nikakimbilia ngazi nikipiga kelele.

"Kaka! Usiweke mkono! Usiweke mkono!"

"Mmenichosha na mistari yenu!" alijibu kutoka chini. "Uaneni huko huko!"

Kifuniko kilifunguka bila shida, msumeno ukiwa bado unazunguka. Nilikuwa katikati ya ngazi nilipomwona akiingiza mkono kutoa kipande kilichokwama. Aliutazama mkono, akanitazama mimi na shemeji aliyekuwa ameshanifuata kwenye ngazi, ndipo akapiga ukelele ambao sijausikia kwa mtu mwingine, yeye aliyetulea mimi na dada tangu baba afe.

Vidole vilibaki ndani ya mashine. Shemeji alivua shati akaufunga mkono, damu ya pua yake ikimdondokea kaka kifuani. Mimi nilikaza fundo. Likafunguka mara mbili, nikalikaza tena. Kaka alipozimia, shemeji aliniinamia.

"Basi weka ya kwako," alisema taratibu. "Alama moja. Nimekubali."

Nilimpiga tena, kwa nguvu zangu zote, na hakuinua mkono kujikinga.