Makofi ya Kukodi

Mwenyekiti wa klabu alijaliwa kipaji kimoja tu, nacho ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alhamisi alifika mwenyewe kwenye chumba cha ushonaji cha Tarumbeta, akakalia kigoda cha wateja, akasifu kitambaa, akasifu cherehani, akasifu hata feni ambayo ilikuwa haizunguki. Tarumbeta akaendelea kushona. Alikuwa anamjua. Mtu anayesifu feni mbovu hajaleta suruali ya kupunguza.

Jina hilo la Tarumbeta alipewa na jukwaa la mashariki, enzi zile jukwaa la mashariki lilipokuwa na watu. Ndiye aliyekuwa akiongoza mashabiki. Alikuwa akianzisha wimbo kule chini kwenye uzio, na wa juu kabisa wanaupokea bila kukosea. Siku hizi alikuwa akiuanzisha na kuumaliza mwenyewe. Watu walichoka, bwana. Walichoka kupandishiwa kiingilio kila msimu. Walichoka kuona wachezaji wazuri wakiuzwa kabla hata majina yao hayajazoeleka, hela ya mauzo ikienda isikojulikana, na Mwenyekiti akibadilisha magari kama mashati. Hawakuandamana, hawakumtukana mtu. Walikaa tu majumbani kwao, na ugomvi wa namna hiyo ndio mbaya kuliko wote, maana hata wa kumwendea kumbembeleza humwoni.

"Mdhamini kapatikana," Mwenyekiti akasema. "Kiwanda cha rangi. Jumamosi wakubwa zao wanakuja kutazama mechi. Ila hawaweki pesa kwenye klabu isiyo na watu."

"Hata mimi nisingeweka."

"Ndiyo maana lazima watu waonekane. Kuna bwana mmoja anawakusanyia wanasiasa watu wa mikutano, wanamwita Umati. Nimeshaelewana naye. Nataka mtu wa kuwaongoza tu, wasije wakakaa kama wako msibani." Akashusha sauti. "Na pesa ya kwanza ya mdhamini ni ya mishahara. Ya kwanza kabisa. Mfikirie mdogo wako."

Hapo ndipo alipomshika. Mdogo wake ndiye kapteni wa timu. Mama yao alipofariki, Tarumbeta ndiye aliyemlea, na bukta yake ya kwanza ya mpira alimshonea kwa mabaki ya kitambaa cha pazia. Sasa mdogo mtu alikuwa beki mzima, magoti yameanza kumsumbua, na miezi mitano hajauona mshahara. Mke wake alikwisharudi kwao na mtoto, si kwa ugomvi, kwa njaa. Mwenye nyumba alikipiga kufuli chumba walichopanga, na kapteni mzima wa timu ya ligi kuu akawa analala kwenye kochi la dada yake huku miguu inaning'inia. Mume wa Tarumbeta hakusema neno. Ila kila asubuhi alipolipita lile kochi alikuwa anakohoa, na kikohozi chenyewe hakikuwa cha ugonjwa.

Tarumbeta akakubali. Akaombwa asimwambie mtu yeyote, akakubali na hilo.

Ijumaa jioni Kapteni alirudi mazoezini, akanawa, akaketi mezani, akasukuma sahani pembeni kabla hajaigusa.

"Kesho hatutoki chumba cha kuvalia, dada. Tutavaa jezi, tutafunga viatu, tutakaa. Refa apulize filimbi mpaka mapafu yamtoke."

"Mmekubaliana wote?"

"Wote. Tunamchezea nani? Mechi iliyopita kuna mtu jukwaani alikuwa anaongea na simu, anauliza bei ya mabati. Nilimsikia mwanzo mpaka mwisho. Nina mpira mguuni, na bei ya mabati naijua." Akacheka peke yake, kicheko kisichokuwa na ladha. "Na kuna timu ya nchi jirani wananitaka. Mkataba wa miaka miwili, nyumba, na hela ya kuanzia mkononi. Wanataka jibu mwisho Jumapili. Nitawaambia nakuja. Nimchukue mke wangu na mwanangu, tukaishi kama watu."

Tarumbeta alifurahi mpaka akaona haya. Ulimi ukamwasha, akataka kumwambia habari za kesho, akaumeza. Alimjua mdogo wake. Angesikia habari ya watu wa kukodi, angekwenda usiku ule ule kumpigia Mwenyekiti kelele mlangoni kwake, na mdhamini angekimbia. Wale vijana wengine hawakuwa na timu ya nchi jirani inayowangoja. Akajiambia: huyu anaondoka, Mungu kamfungulia. Watu wa kesho wawafae watakaobaki. Lilikuwa wazo zuri, na alilala nalo vizuri.

Jumamosi Umati akaleta malori. Wakashuka wapagazi wa sokoni, wasaidia mafundi wa ujenzi, kina mama wenye kanga za vyama viwili vinavyotukanana, kila mmoja akapewa jezi ya kijani ya kuazima. Tarumbeta akasimama juu ya kreti la soda, akaanza kuwafundisha. Sisi ni wa kijani. Kijani wakiusogeza mpira kule, piga kelele.

Mpagazi mmoja mtu mzima akanyoosha mkono kwa adabu. "Mwanangu, anayehutubia atakaa upande gani?"

"Hakuna anayehutubia, baba."

"Sasa tutajuaje pa kupiga makofi?"

Tarumbeta akajinyooshea kidole. Akawaambia wamtazame yeye.

Saa ya mechi ikafika. Wageni wakatoka wakajipanga. Refa akasimama katikati, akaitazama saa yake, akautazama mlango wa wenyeji. Hakuna kitu. Kule kwenye viti vya kivuli Mwenyekiti alikuwa ameketi na wakubwa wa kiwanda cha rangi, anajifuta jasho kwa tai. Tarumbeta, kusema kweli, alikuwa anawaombea vijana wasitoke wakadanganyika na makofi ya kukodi.

Kisha mlangoni akatokea mtu mmoja, hana viatu, ana soksi tu. Ni Kapteni. Alikuja kuchungulia ni kelele gani hizo. Akalitazama jukwaa la mashariki kuanzia chini mpaka juu, polepole, na mikono yote miwili ikapanda kichwani. Akautazama uzio mpaka akamwona dada yake pale mahali pake pa siku zote. Akacheka. Tangu mkewe aondoke Tarumbeta alikuwa hajaona meno yake namna ile. Akageuka mbio kuingia ndani, na muda si muda wakatoka wote wanakimbia.

Basi Tarumbeta afanye nini? Akaanzisha wimbo. Nyuma yake ukapokelewa, tena kwa nguvu, maana watu wa Umati kazi yao wanaijua. Tatizo lilikuwa mpira. Wageni wakirusha, makofi. Refa alipoinua kadi ya njano, wakadhani anawapungia, nao wakampungia. Wageni walipofunga goli, jukwaa zima likasimama, kina mama wakapiga vigelegele, uzio ukatikisika. Golikipa wa kijani aliokota mpira wavuni akiwa hajui ashike wapi. Lakini Kapteni alielewa vingine. Alidhani wanawatia moyo. Aliligeukia jukwaa, akajipiga ngumi kifuani, akawakusanya wenzake, na kuanzia hapo wakacheza mpira ambao ule uwanja ulikuwa umeusahau. Wakarudisha goli, wakaongeza la pili, wakashinda. Tarumbeta alipiga kelele kama mwehu, na machozi yalimtoka, ya furaha na ya kitu kingine.

Baada ya mechi watu wa Umati wakapanga foleni nyuma ya jukwaa, kwenye tangi la maji, kila mtu na jezi yake mkononi imekunjwa vizuri. Mwenyekiti alikuwa ameahidi kutuma pesa hapo. Umati alikuwa anapiga simu, anakata, anapiga tena. Tarumbeta alibaki nao, kwa sababu sura waliyokuwa wanaijua ni yake.

Mlango mdogo wa wachezaji ukafunguliwa, Kapteni akatoka, bado ana jezi imelowa jasho.

"Dada, nakutafuta uwanja mzima." Akamkumbatia mpaka akamnyanyua. "Umeona? Wamerudi."

"Nimeona, mdogo wangu. Twende nyumbani, nina jambo..."

"Subiri kwanza. Mwenyekiti kaja chumbani na wale wa kiwanda. Wanasema hawaingii kwenye klabu yenye madeni, wanataka tusamehe ile miezi mitano tuanze upya. Vijana wakaanza kunung'unika. Nikasimama. Nikawaambia, jamani, tumefungwa goli na watu wametushangilia, mapenzi ya hivyo mmeyaona wapi? Watu wakiwepo, pesa itakuja. Nikasaini wa kwanza. Wote wakafuata."

"Yote mitano?"

"Yote."

Tarumbeta akashika ukuta wa tangi. "Na wale wa nchi jirani?"

"Nimewapigia pale pale, mbele ya wenzangu, ili waone sina mguu nje. Nimewaambia siji. Wakasema sawa, wana beki mwingine."

Alisema hivyo kwa raha, kama mtu aliyetua mzigo. Kabla Tarumbeta hajapata la kuanzia, mdogo wake alikwisha kuwageukia wale watu wa foleni. Akaenda kuwashika mikono, mmoja mmoja. Akawaambia wachezaji walikuwa wamekata tamaa. Wakapiga makofi. Akawaambia leo wamewapa roho mpya. Akanyamaza kidogo, na kwa kuwa alinyamaza, wakapiga makofi tena. Yule mpagazi mtu mzima alionekana kuridhika sana, hatimaye kapata anayehutubia.

Mama mmoja wa makamo akatoka kwenye mstari. Akamwekea Kapteni jezi mkononi.

"Hii hapa, mwanangu, haina doa. Makofi tumepiga, na koo zimetukauka. Ni wewe unayelipa?"

Kapteni alicheka. Alitazama huku na huku kutafuta wa kucheka naye, hakumpata. Akazitazama zile jezi zilizokunjwa, mkono kwa mkono, mpaka mwisho wa mstari. Kicheko kikaisha.

"Dada," akasema. "Ulijua?"

Tarumbeta akamwambia yote. Kwamba ni kwa ajili ya mishahara. Kwamba alidhani anaondoka. Kwamba alitaka wenzake wasife njaa. Yote yalikuwa kweli, na kila alivyoyasema yalizidi kunuka uongo.

Mdogo wake alimsikiliza mpaka mwisho. "Na wewe," akauliza kwa sauti ya chini, "wamekulipa kiasi gani?"

"Sijapewa hata senti. Nakuapia kaburi la mama."

Akaitikia kwa kichwa, vile mtu anavyomwitikia muuzaji anayeapa kuwa bei hiyo anakula hasara. Akaiweka ile jezi juu ya tangi. Akavua na ya kwake, akaikunja kama zile nyingine, akaiweka juu yake, akaondoka kifua wazi kuelekea barabarani. Tarumbeta alimwita, jina la utotoni alilokuwa akiitwa na mama yao. Hakugeuka.

Umati akaja kusema Mwenyekiti kazima simu, na kabla hajamaliza kusema alikuwa keshapanda lori la kwanza. Foleni ikaanza kusogea mbele, taratibu, bila fujo. Yule mama wa makamo akamgusa Tarumbeta begani.

"Basi kama si yeye, ni wewe?"

Tarumbeta alikuwa bado anaitazama barabara.

"Ni mimi," akasema.