Safari ya Jinja na Baba Mkwe

Mimi nimewahi kusafiri na mbuzi, nikasafiri na mgonjwa wa kuhara, lakini hakuna safari iliyonikera kama ile ya mwaka wa sitini na nane, nilipokwenda Uganda na baba mkwe.

Mume wangu, Ongeri, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha nguo Jinja, na kwa miaka minne hakuwa amekanyaga kijijini kwetu Kebirigo. Nililima pareto peke yangu, nikalala peke yangu, nikachekwa sokoni. Kwa hiyo baba yake alipotuma mtu aniambie twende tukamrudishe, nilifurahi kama mjinga. Nilimtaka mume wangu, nisidanganye.

Shida ilikuwa chinsoni, ile heshima yetu ya wakwe. Baba mkwe haketi karibu na mke wa mwanawe, hali mbele yake, halali naye chumba kimoja. Sawa, nyumbani kuna nafasi. Sasa ndani ya behewa la daraja la tatu, watu wamebanana hivi, mtaheshimiana wapi? Mzee alisimama mlangoni, kando ya choo, tangu tulipopanda gari la moshi Nakuru. Ndizi nilizompikia alizila akiwa ameugeukia ukuta. Akitaka maji, alimwambia Nereah, mama mmoja Mjaluo aliyekuwa akienda kumwona dadake, naye Nereah aniambie mimi niliyekuwa hapo hapo nikisikia kila kitu. Abiria wakacheka. Niliona haya mpaka nikamchukia. Mtu mzima na kofia yake na bakora yake, amekuwa bawabu wa choo!

Tulitazamia kufika Jinja kesho yake mchana. Thubutu! Gari lilikawia Eldoret, likakawia tena huko mbele, tukavuka mpaka wa Uganda giza limeshaingia. Hapo Tororo likazimika kabisa. Wakubwa wa stesheni, wenye kofia nzuri na akili za kuku, wakasema kichwa kingine cha gari kiko njiani. Tukakingoja usiku kucha, mvua ikinyesha, watoto wakilia.

Mzee akaanza kukohoa. Nikamhurumia, nikavua shali yangu nikampa Nereah ampelekee. Nereah akakaa naye huko mlangoni muda mrefu, nikasikia mzee akijigamba kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, ingawa maneno yenyewe yalimezwa na mvua. Kumbe huyu bwana wa kunyamaza ana mdomo mrefu akimpata mgeni.

Nereah aliporudi hakuwa akicheka tena. Aliniuliza, mdogo wangu, wewe unajua unakwenda kufanya nini Jinja? Nikamwambia, kumrudisha mume wangu. Akanishika mkono.

"Harudi," akasema. "Anaoa huko. Wazazi wa msichana wamekataa kumtoa mpaka mke wa kwanza afike, aseme kwa mdomo wake kwamba ameridhika."

Mzee alikuwa amepanga nisiambiwe mpaka tumekaribishwa, nimeandaliwa chakula, ukumbi umejaa wakwe wapya. Hapo nitaulizwa, na nani angethubutu kukataa mbele ya wageni? Alimsimulia Nereah hayo yote akijisifu kwa ujanja wake, huku amejifunika shali yangu.

Nililia, ndiyo. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa uchungu. Baba anashindwa kutulia kwenye kiti kwa ajili ya heshima, lakini kuniuza mbele ya watu anaweza. Na Ongeri naye, mwanamume mwenye ndevu, amemtuma babake amwombee ruhusa! Huyo ndiye niliyemwekea kitanda miaka minne. Nilimwona takataka, nikajiona na mimi sina akili.

Kulipopambazuka kichwa kipya kikafika, watu wakashangilia. Mimi nikachukua kikapu changu nikashuka. Nje ya stesheni kulikuwa na basi la Kisumu linajaza abiria. Nilikuwa nimeshika mlango wake niliposikia bakora ikigonga kokoto nyuma yangu, haraka haraka. Mzee akaja akasimama mbele yangu, karibu kabisa, akihema, akanitazama usoni.

"Mke wa Ongeri, usituaibishe," akasema. "Wale watu bila neno lako hawatakubali."

"Neno langu ni kwamba nimekataa," nikamjibu. "Wapelekee hilo."

Nikapanda basi.